Koti ya yaya Ilunga

Dimanche, siku ya Mungu, mangaribi.

Mu Lubumbashi yote hakuna muntu wa bahati kama mie. Kampani imefunga, bantu banakimbia muji, lakini mie leo nilikaa kwa jirani mbele ya video, nikacheka filme nzima, tangu mwanzo mpaka mwisho.

Ni ile ile tuliyoonaka na yaya Ilunga, kaka yangu mukubwa, mu sinema ya Kamalondo, tukiwa vijana. Muzee mumoja amekufa, na pa kilio mujukulu wake anavala koti ya marehemu, anaigiza mwendo wake, mpaka mujane naye anacheka. Kama kwetu tu. Wakati ule yaya alicheka mpaka akaanguka chini ya kiti.

Filme ikaisha, muke wangu akaniuliza: «Baba Véro, siku yako nani atakuigiza? Mujukulu gani ataweza bongo yote hii, uongo wako wote huu?»

Nikamujibu: «Batatafuta batatu, mama. Mumoja hatatosha.»

Tukarudi nyumbani. Véro, binti yetu, akatoa pa musumari koti ya yaya, ile aliyotuachia akienda, akaivala, akaanza kutembea kama yeye, mabega juu. Bote bakacheka.

Mie nikapiga kelele: «Vula! Ile banafanyaka kwa mufu tu! Baba yako mukubwa iko Kasumbalesa, kule mupakani, anatafuta kazi!»

«Sasa papa, mbona hatumi habari?»

Miezi ine tangu aende, hakuna hata neno. Mie mwenye kinywa, nikairudisha koti pa musumari tu.

Ile bahati niliyoandika pa mwanzo ni bongo, na kile kicheko pia. Tangu koti ilipotokea mu filme, sikucheka hata kidogo.