Ndege Imepungua Mwendo Tena, Mamba

Mamba,

Ndege imepungua mwendo tena. Naanza na hilo, maana nikianza na salamu utanikatiza, kama ulivyokuwa ukinikatiza mlangoni kwako: "Samaki, acha salamu. Ndeke inakimbia namna gani?" Basi haikimbii. Imerudia uvivu wake wa mwaka jana, na wewe uko chini ya udongo tangu mvua za kwanza. Hakuna aliyeigusa. Aliyeiharibu si wewe, Alfonsi. Mimi nilijua siku zote, ila kujua kwangu hakukukusaidia kitu.

Najua ungecheka. Tangu lini mtu wa ukoo wa Samaki akamwandikia barua mtu wa ukoo wa Mamba? Wazee wetu kule Luapula walituachia utani: mimi nikuite mla jamaa zangu, wewe uniite kitoweo, na atakayetangulia azikwe na mwenzake. Barua hawakutuachia. Lakini misa ya leo Jumapili imekwisha, nimekaa peke yangu chumbani hapa cité, mtaa wetu watu weusi, na sina mwingine wa kumwambia haya.

Unakumbuka asubuhi zetu kwenye kiwanja cha ndege? Wewe na ndoo yako ya sabuni ukifuta wadudu waliokufa kwenye mabawa, mimi nikipanga mizigo. Ndege yenyewe ndogo, injini moja, mabawa ya kitambaa, na wala haikuwa yako. Ilikuwa ya bwana wetu, Mzungu mfanyabiashara wa samaki, lakini wewe uliitunza kuliko baiskeli yako. Bwana alikuwa akiruka kwenda Kasenga kukagua mashua na barafu yake, na kila safari alipima mwendo. Akiliacha nyuma bomba la moshi la kiwanda cha shaba, anatazama saa. Akiuona mto Luapula, anatazama tena. Akirudi anatutangazia kama mtu aliyeshinda mashindano, na sisi tunapiga makofi, maana ndiyo kazi.

Halafu kiangazi cha mwaka jana mwendo ukapungua. Injini ililia sauti ile ile, mishale ya vipimo ikasimama pale pale pa zamani, petroli ile ile, asubuhi haina upepo, na bado mto ulichelewa kuonekana. Bwana akabadilisha saa. Akaleta fundi Mzungu kutoka Rhodesia, naye fundi akafungua injini yote, akaweka propela mpya, akapima mabawa kwa kamba. Akanawa mikono akasema haina ugonjwa.

Hata sisi tulipimwa. Bwana alitupakia mahali pa makreti, aone kama uzito ndio unaomchelewesha. Hatukuwa tumewahi kupanda, si wewe si mimi. Tulipofika juu ya Luapula ulinishika mkono ukanionyesha kijiji cha mama yako, paa moja moja, ukitaja wenyewe. Kisha ukatapika ndani ya kofia yako, na tuliposhuka ukawaambia watu kwamba harufu ile ni ya Samaki. Bwana hakucheka. Njia nzima alikuwa akitazama saa, halafu anageuka kukutazama wewe.

Nadhani jibu lake alilipata siku ile. Bawa lilipochanika kabla ya hapo, ni wewe uliyelishona, kwa amri yake mwenyewe, na hilo likatosha aseme ni wewe. "Weye njo uligusa ndeke yangu. Toka." Bawa likashonwa upya na mwingine, mwendo haukurudi, naye akasema umeharibu kitu kisichoonekana. Ndiye Mzungu huyo huyo anayecheka dawa zetu. Na mtu aliyefukuzwa kwa kuharibu ndege, nani pale kiwanjani atampa hata ndoo ya maji? Mkatoka nyumba ya kazi, wewe na Maria na watoto, mkapanga chumba ambacho kuta zake hazikauki. Kifua chako kilianzia pale. Kila nilipokuja nilikukuta umepungua, na hukuomba dawa wala chakula. Uliulizia ndege. Ulitaka bwana atamke siku moja tu kwamba si wewe, basi.

Tulipokuwa tunalishusha sanduku lako, ndege ilipita juu yetu ikitoka Kasenga, na hata mimi nilisikia kwamba imepita upesi. Kesho yake bwana alikuwa akipiga mluzi. Mwendo umerudi wote. Hakujua kwa nini, wala hakuuliza. Habari ilifika matangani kabla yangu: "Munaona? Ye njo alikuwa anaikamata." Mamba akikamata haachii, walisema, na utani wetu wenyewe ukageuzwa ushahidi. Maria aliyasikia yote akiwa pale kwenye mkeka.

Siku ya maziko mimi ndiye niliyepaswa kushuka kaburini kabla yako, nilale humo, nikatae kutoka mpaka nipewe kuku, nikutukane watu wacheke. Ndiyo kazi ya mtani. Mdomo ulikataa. Nililia mbele ya wajomba zako, Mamba, na mjomba wako mkubwa akaniuliza kama ni mgonjwa.

Sasa sikiliza. Juma lililopita bwana alirudi kutoka Kasenga, akazima injini, akabaki amekaa ndani. Nilipomwona anaigonga saa yake kwa kidole nikajua. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilimwendea nikamwambia, "Bwana, Alfonsi iko mu udongo." Akasema, "Najua." Nikangoja. Akasema, "Nitaiuzisha." Jina lako hakulitaja. Jumatatu alikuja mtu wa Rhodesia akaichukua, ikapita juu ya cité kuelekea mpakani, upande wa Mokambo, polepole, mpaka nikaacha kuisikia. Shahidi wako alikuwa mmoja, naye ameuzwa.

Nikaenda kwa wale wa matangani, nyumba hadi nyumba, kuwaambia kwamba ndege imepungua tena na Alfonsi hayupo. Nilidhani watanyamaza kwa aibu. Walinionea huruma. "Samaki, hauone? Hata kule eko bado anaikamata. Ana kasirani." Ikikimbia, ni kwa sababu umekufa. Ikichelewa, ni kwa sababu umekufa vibaya, na hasira. Nilirudi nyumbani.

Nilimtumia Maria neno kule Kasenga alikohamia na watoto, kwa dereva wa lori la samaki. Jibu limerudi kwa dereva huyo huyo: "Umwambie aache. Batoto bamesha kuzoea." Wamezoea nini, nilimuuliza, naye akanieleza. Kumbe mwanao mkubwa anajiita kwa jina la mjomba wake sasa, na wadogo wanafundishwa vivyo hivyo, wasichekwe shuleni. Simlaumu Maria. Lakini ulikuwa unalilinda jina lile kwa ajili yao, na sasa hakuna wa kulivaa.

Kwa nini mwendo ulipotea, ukarudi, ukapotea, sijui. Nimewaza mpaka nimechoka, na sitajua tena.

Kwa hiyo nakuaga hivi. Utani wa maziko ninao bado, na Jumapili ijayo nakuletea. Nitakuja makaburini mchana, watu wakiwepo, nilale juu ya udongo wako na nikutukane vizuri: mla jamaa zangu, mwenye meno ya panga, mtapika kofiani. Nitakataa kuinuka. Wakiniletea kuku nitamkataa. Bei yangu ni mmoja wao aseme, "Si Alfonsi." Nawajua watu wetu, hawatasema. Basi nitainuka jioni, na Jumapili nyingine nitalala tena, mpaka waninyooshe kando yako.

Lala, Mamba. Ni mimi, kitoweo chako,

Petelo