Jina Chini ya Mpini

Jumatano, baada ya swala ya alfajiri

Wengi hudhani kutu ni uchafu popote ilipo. Kwenye upanga wa kale wa Kijapani, kutu ya shina, yaani chuma kinachofichwa ndani ya mpini, haiguswi. Ndiyo ushahidi wa umri wake, na hapo ndipo mhunzi alipochonga jina lake.

Nilimwazima mdogo wangu Mwanaidi upanga ambao marehemu baba alirudi nao kutoka ubaharia, ili mwanawe auvae na joho siku ya harusi. Jana nilipofika kwake Ngamiani nilimkuta ameshautoa mpini, anasugua shina kwa jivu na ndimu ndani ya beseni. Herufi mbili za jina zimekwisha. Zimebaki mbili.

"Mwanaidi, umemfuta mhunzi."

"Kwani naye kaalikwa, kaka?"

Mchora piko, aliyekuja kuwapamba wanawake wa nyumba ile, akajitolea kuzirudisha herufi kwa piko. Akachora ua la asumini. Wote wakasema limependeza kuliko jina.

Nikaketi, nikawaeleza habari za kutu, taratibu, hadi magharibi. Walinisikiliza kwa adabu, wakanipa kahawa, nikaaga. Nimeshafika nyumbani ndipo nikakumbuka kuwa upanga nimeuacha palepale, ndani ya beseni lile.

Zile herufi mbili zimepona kwa sababu ndimu ziliisha. Mwanaidi alisema leo asubuhi atanunua nyingine.

Haya nafsi yangu, vaa kanzu, nenda ukauchukue kabla soko halijafunguliwa, na usieleze kitu.