Njiti Mbili za Papa Daudi

Kisangani, tarehe 14 Juni 1986

Wifi yangu mupenzi Pélagie,

Pokea jambo mingi toka kwetu sisi wote. Kindu munaamuka je? Mugongo ya bwana yako imepoa kidogo? Na watoto, wanasoma ao wanacheza tu? Sisi huku tunapumua. Mutoto wetu mukubwa amepona surua, anakula sombe mpaka anashindwa kusimama. Hilaire anarudi kazini Bangboka kila asubuhi. Anasema heri abebe mizigo ya ndege kuliko kukaa nyumbani akiwaza Papa.

Barua yako ilinifikia kwa mukono wa mama mumoja mwenye kufanya biashara kwenye train ya Ubundu. Unauliza kitu kimoja tu: kama Papa Daudi aliteseka mbele ya kufa. Najua kaka yako alikujibu kwa telegramu kwamba hapana, Papa alikwenda polepole. Hilaire hakukudanganya, wifi. Alirudilia maneno yangu. Miye njo nilikuwa infirmière, muuguzi wa zamu kwenye urgences ya hospitali siku ile, na jibu iko kwangu. Keti kwanza, kisha usome.

Papa alikuwa na jiwe ya figo. Usicheke ugonjwa ile. Jiwe ndogo kama punje ya muchele inashuka kwenye mushipa wa mukojo, na mwanaume mwenye mabega mapana anabingirika chini akiita mama yake. Wamama waliozaa mara saba wameniambia heri uzazi. Alors, mwaka huu docteur wetu alitaka kujua ni sindano gani inawasaidia zaidi wagonjwa wa namna hii. Ya kwanza ni antispasmodique, inalegeza mishipa, tunaipitisha mukononi. Ya pili ni diclofénac, tunaichoma kwenye tako. Ya tatu ni péthidine, dawa kali sana, inafungiwa kwenye kabati. Tunaanza na ya chini. Kisha nusu saa tunamupa mugonjwa njiti kumi za kibiriti, anaweka pembeni zile zenye kulingana na maumivu yake. Zikipita tano, tunapandisha dawa. Yote inaandikwa kwenye cahier, daftari ya docteur. Wengi diclofénac ilikuwa inawatosha, hawakufika kwenye péthidine, na miye nilikuwa najivuna na ile cahier kabisa.

Bon. Siku ya Alhamisi Papa alishuka train, akavuka mto kwa pirogue, akaingia kwetu saa nane ya muchana, mukono ubavuni, shati imelowa jasho. Aliponiona na blouse nyeupe aliangalia chini, akauliza kama hakuna mutu mwingine. Nikamujibu kwamba Alexis, muuguzi mwenzangu mwanaume, alikuwa na docteur kwenye operation, wangechelewa. Weye unajua vile tunaishi na bokilo, baba wa bwana. Miaka tisa ya ndoa, Papa hajakula hata siku moja mbele yangu, na miye sijapita mbele yake bila kuinama. Nilimufunika na pagne yangu ya kitenge, nikamuchoma ile sindano ya mukononi nikiwa nimegeuza uso, nikatoka, nikasimama nyuma ya rideau, pazia ya kitanda.

Nusu saa ilipopita nikaweka njiti kumi juu ya kiti, nikamweleza kazi yake, nikamupa mugongo. Nilipogeuka, alikuwa ametenga mbili. Akasema anashukuru, dawa inafanya kazi, niende kwa wengine. Nikaandika kwenye cahier: mbili. Docteur alipotoka akasoma mbili, akafurahi, akasema muzee apumuzike, jiwe itatoka yenyewe. Alikuwa na wagonjwa wengi, hakufungua rideau.

Alexis njo alimukuta jioni akitetemeka kwa homa. Walikimbia, walimupa péthidine, walimupa antibiotique. Jiwe ilikuwa imeziba njia, na microbe ilikuwa tayari kwenye damu. Siku ya Jumamosi, saa sita ya muchana, baba yako akatuacha. Docteur aliniambia hajui kama masaa ile ingebadilisha kitu. Juu ya maumivu lakini hakuna haja ya kuuliza mutu, wifi. Papa aliteseka masaa ine, na dawa ilikuwa hatua tatu toka kitanda yake.

Na hii sasa sijamwambia hata padiri. Nilijua. Nilipogeuka na kuona zile njiti mbili, niliona pia pagne yangu: alikuwa ameiuma mpaka imepasuka. Mutu wa maumivu mbili haumi pagne. Lakini njiti sita ilikuwa ni kusema kwamba bibi ya mutoto wake amuteremushe suruali, amuchome kwenye tako. Alinihurumia, akajihurumia naye, akaweka mbili. Na miye nilifurahi, Pélagie. Mungu wangu, nilifurahi! Nilipumua kama mutu mwenye kutua muzigo, nikaandika haraka mbele hajabadilisha mawazo. Ningeweza kumwita hata mulinzi wa mulango aende kuniitia Alexis. Sikumwita mutu.

Juzi Alexis ameniambia kitu alichoficha tangu matanga. Jioni ile yeye pia alimupa Papa njiti. Papa alimurudishia zote kumi mukononi, kusema maumivu ni kumi, akamuomba sana asimwambie Angèle, juu atajisikia vibaya.

Hilaire hajui. Ukitaka kumwandikia, mwandikie, sitakukataza. Ukitaka kuja kunifokea, nyumba iko wazi na kitanda iko tayari. Ukinyamaza pia, nitaelewa. Musalimie bwana yako, uwabusu watoto, na shangazi umwambie chumvi yake ilifika. Mungu akushike.

Ni miye wifi yako,
Angèle