Ekseli Niliyoisifu Sokoni

Mpendwa mshauri, naomba msaada kwa jambo ambalo hata mke wangu Renatha sijamwambia. Mimi ni fundi wa magari hapa Nyakasimbi, ufundi nilijifunza jeshini, na mwezi uliopita Bwana Othman mwenye duka aliniletea gari lake dogo, lile linalovutwa na magurudumu ya mbele, giaboksi imevunjika, watu wakasema hilo sasa ni banda la kuku, nami nikatafuta giaboksi ya gari la aina nyingine, nikaifunga, ekseli, zile fimbo za chuma zinazotoka giaboksi kwenda magurudumuni, zilipoonekana fupi nikaziunga kwa moto, nikazipima gari likiwa juu ya jeki, na likatembea, mshauri, likatembea, nikasimama sokoni nikajisifu kwa ekyebugo, lile shairi la majigambo, kama wazee wetu walivyojisifia vita na ng'ombe wao, nikasema, "Mimi nisiyengoja spea za Wazungu, nilichokifunga hakifunguliwi." Sasa likiwa tupu ni zuri, ila juzi tulipopanda watano lilikuwa linagonga upande wa kushoto, wenzangu wakadhani ni mawe, mimi nikajua ni ekseli, na Jumamosi Othman atapakia maharage na kumpeleka mkewe Shufaa kwao Murongo, nikisema nitachekwa, nikinyamaza roho inanisuta, nifanyeje?

Melkiory

Ndugu Melkiory, pokea pongezi zangu, na huwa sizitoi ovyo. Gari lililokwisha kuzikwa umelirudisha barabarani, na Karagwe nzima ina haki ya kujivunia mikono yako.

Sasa sikia usilotaka kusikia. Ulipima magurudumu yakining'inia. Nani humpima mtu kanzu akiwa amelala? Gari likikaa chini na kubeba mzigo, ekseli husogea kuelekea giaboksi, na yako haina pa kwenda. Fundi niliyemuuliza anasema itapasua giaboksi, au kiungo kitakatika mteremkoni. Wazee walijisifia walichokwisha kutenda. Wewe ulijisifia safari ambayo gari halijaenda.

Mficha uchi hazai. Leo hii nenda dukani, mwambie Othman, "Bwana, kazi yangu ina kasoro, nipe siku tatu." Lishushe gari, pakia magunia yote, upime upya likiwa na mzigo huo, na ukate ekseli ukiiachia nafasi ya unene wa kidole upande wa giaboksi. Lifungue mchana, wanaocheka wacheke.

Jumamosi panda nawe. Shufaa akikuuliza kama gari ni zima, mjibu ukimtazama usoni.