Mapigo ya Baba Zuhura

Jumatano, 2 Julai

Asalaam aleikum, moyo wa Baba Zuhura. Waamkaje leo? Umelala salama? Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila goti tu.

Ndivyo ninavyousalimia kila asubuhi, kimoyomoyo. Vidole vitatu juu ya kifundo cha mkono wake, macho kwenye saa ya ukutani. Dakika nzima. Yeye kakaa kitini kimya. Nesi alisema apumzike kwanza, tena asizungumze. Kwa mume wangu hilo la pili si kazi.

Leo sitini na tisa.

Daftari hili ni amri ya nesi wa kliniki ya moyo, kule Tanga. Tarehe na mapigo, basi. Lakini mimi mkono ukishika kalamu hausimami. Nimeishia la saba, ila mwandiko wangu ulisifiwa. Namba nitamnakilia kwenye karatasi. Haya mengine ni yangu.

Dawa mpya yaitwa ivabradini. Kidonge asubuhi na chai, kidonge jioni na chakula. Kikisahaulika, kimepita hicho, asimeze viwili kulipia. Yaupunguzia moyo mbio. Moyo wake umepanuka, umechoka, ulikuwa ukipiga tisini na zaidi mtu amekaa tu. Ndani ya jalada nimeandika maneno ya nesi kwa herufi kubwa: CHINI YA HAMSINI, AU KIZUNGUZUNGU, PIGA SIMU.

Siku ya kumi leo. Alikuwa akilalia mito mitatu, sasa miwili. Cherehani yake ya kazi bado imefunikwa kanga. Mwezi wa nne huu.

Ijumaa, 4 Julai

Sitini na saba.

Wifi yangu wa Muheza katuma kiroba cha mabalungi. Makubwa, mazito, yananukia nyumba nzima. Nimekamua moja, nikamletea glasi. Kanywa yote! Mtu ambaye wali aupekua kwa kidole kama kapoteza sindano ndani yake. Kanywa, kapangusa masharubu, kasema ahsante.

Nimekwenda jikoni kulia kidogo. Kwa furaha.

Nitamkamulia kila siku. Asubuhi na jioni.

Jumatatu, 7 Julai

Sitini na moja.

Kaniambia jambo. Akitoka chumbani, kwenye giza, akaingia uani kwenye jua, aona nuru. Pembeni mwa macho. Yazunguka kama taji, yametameta, kisha yaondoka. Haiumi. Jana mara mbili, leo mara nne.

Nikasema tumpigie nesi. Akasema, "Hii si ya nesi, Mama Zuhura."

Kasema kwa upole, lakini kafunga mlango.

Nimeona wivu. Naandika kweli. Mimi nami naswali. Mimi nami naamka alfajiri na goti hili. Sijaona hata cheche. Astaghfirullah.

Alhamisi, 10 Julai

Hamsini na sita. Yashuka kila siku. Dawa yafanya kazi, na balungi lampa nguvu. Nimelipanga kabisa: kidonge, chai, glasi.

Jirani yetu Mama Anjela kamwona akivuka uani. "Mumeo siku hizi atembea kama bwana harusi," kanambia, "hatua moja, apumzika, hatua moja." Nimecheka. Halafu nikamtazama tena. Kweli atembea polepole.

Asema ni uchovu tu.

Jumamosi, 12 Julai

Hamsini na mbili.

Leo kampa fundi mwenzake, Sefu, mkasi wake. Mkasi! Alioachiwa na marehemu baba yake, ambao hata mimi sikuruhusiwa kukatia uzi. Nikauliza kwa nini. "Chuma kisiote kutu bure."

Chai yangu imepoa.

Jumapili, 13 Julai

Hamsini. Hamsini si chini ya hamsini. Nimelitazama jalada mara mbili.

Nilikuwa natafuta shuka sandukuni. Chini kabisa nimekuta kitambaa cheupe kipya, kimekatwa. Vipande vitatu virefu, vimekunjwa vizuri. Mimi ni mke wa fundi. Miaka ishirini na sita namwona akipima nguo. Hii si kanzu. Kanzu ina mikono.

Ni sanda.

Nimekaa sakafuni mpaka alasiri ikakaribia kunipita.

Sasa naelewa. Nuru, mkasi, kitambaa. Anadhani anaitwa. Anajiandaa taratibu kama mtu wa safari, asimsumbue yeyote. Nimekasirika. Mungu anisamehe, nimekasirika na mume wangu mgonjwa. Aliuaga mkasi, hakuniaga mimi.

Nimerudisha kitambaa kama kilivyokuwa. Jioni nikamkamulia glasi.

Jumanne, 15 Julai

Jana sikuandika. Naandika leo, kwenye benchi la wodi, Tanga.

Jana asubuhi arobaini na sita. Nikahesabu tena. Arobaini na tano. Mara ya tatu sikumaliza, nikapiga simu. Nesi akasema kidonge cha asubuhi asimeze, mlete sasa hivi. Nikamvalisha. Alipofika mlangoni akashika fremu, akasema, "Nyumba yaelea," akateleza chini taratibu kama kanga ikitoka kambani. Hakuzimia kabisa. Macho yalikuwa wazi. Nilimwita kwa jina lake, si Baba Zuhura, jina lake. Sijalitaja tangu harusi.

Mume wa Mama Anjela ana gari la kubebea nazi. Baba Zuhura mbele, mimi na Mama Anjela nyuma juu ya makumbi. Yeye rozari, mimi tasbihi. Hivyo hivyo mpaka Tanga.

Wakamwekea nyaya kifuani, wakapima. Baadaye nesi akanijia na daftari langu. Akanipa shikamoo, akaniuliza mgonjwa ala nini. Nikamtajia. Uji, samaki, wali kidogo. "Na balungi. Hilo halikosi, asubuhi na jioni."

Akaweka kalamu chini.

"Balungi, mama?"

Ndipo nilipojua. Balungi na dawa hii havikai pamoja. Balungi laizuia dawa isitoke mwilini, yarundikana. Kidonge kimoja kikawa kama viwili. Moyo ukashushwa kupita kiasi. Mimi. Kwa mikono yangu hii, na sukari kidogo juu.

Akamgeukia yeye kitandani. "Baba, siku ile sikukwambia habari ya balungi?"

Siku ile ya kupewa dawa mimi nilikuwa nimetoka kuswali adhuhuri.

Baba Zuhura akaangalia vidole vya miguu yake. "Uliniambia."

"Sasa?"

"Mwenzangu alikuwa ameshakamua. Kaja nalo, kasimama mlangoni, anacheka. Ningemwambia nini?" Kisha akasema polepole, "Tena lenyewe silipendi. Chungu."

Mama Anjela akapiga makofi. "Mwanamume huyu! Afe kwa adabu!"

Tulicheka wote, hata nesi. Mimi nilicheka nikilia. Miaka ishirini na sita na sikujua kama hapendi balungi.

Nikamfuata nesi nje. Nikamwuliza ile nuru. Akasema ndiyo, ni dawa. Huwapata baadhi ya watu, zaidi miezi ya mwanzo, zaidi mtu akitoka gizani kuingia mwangani. Mara nyingi hupotea yenyewe. Yake ilizidi kwa kuwa dawa ilizidi. Asiendeshe chombo ikiwepo. Akasema wangeambiwa mapema wasingeniacha nihangaike.

"Ngoja nikamweleze."

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Hilo niachie mimi."

Nitaanzaje? Mtu kaona nuru, nimwambie imetoka kwenye kidonge.

Alhamisi, 17 Julai

Hamsini na nane. Wameturuhusu. Kidonge cha nguvu ndogo kwanza, asubuhi na jioni na chakula vilevile. Asiache mwenyewe, asiongeze mwenyewe. Dawa yoyote nyingine, hata ya fangasi, hata ya kifua, tuulize kwanza. Wiki mbili turudi.

Safari hii sikutoka kuswali mpaka nesi alipomaliza. Niliswali baadaye, wakati bado upo. Mungu aniona.

Sijamwambia.

Ijumaa, 18 Julai

Hamsini na tisa.

Nimemwambia. Baada ya Ijumaa, uani. Nilianza na kitambaa. Nikasema nimekiona. Akainamisha kichwa. Nikasema na nuru nimeiuliza, ni kidonge, Baba Zuhura, nesi kasema huwapata wengi.

"Una hakika?"

"Nesi kaniambia kwa kinywa chake."

Akafunika uso kwa viganja. Mabega yakaanza kutikisika. Nikajua nimemvunja. Nikajuta, nikatamani maneno yarudi.

Alipotoa mikono, machozi yalimlowesha ndevu, na alikuwa anacheka.

"Basi sijaitwa."

"Hujaitwa."

"Mimi nilikuwa sitaki kwenda, Mama Zuhura," akasema. "Niliona haya kukataa."

Nikavuta kiti, nikakaa karibu yake. Tukakaa. Kuku akapita kati yetu.

Baadaye nikamwambia, kwa nguvu, kwamba katika nyumba hii kitu asichokitaka akitaje. Glasi, chakula, safari yoyote. Akasema inshallah. Nikasema inshallah ya kweli si ya adabu.

Jumapili, 20 Julai

Sitini na moja.

Mabalungi yaliyobaki nimempa Mama Anjela. Kwanza nimemhoji mlangoni kama askari: nani mle ndani anameza dawa ya moyo, nani ya presha? Akasema hakuna, ni mume wake tu anameza maneno yake. Nikampa kiroba.

Wifi nimempigia. Kasikitika sana. Nimemwambia mwakani alete machungwa, na hayo nayo nitamwuliza nesi kwanza.

Nimepita kwa fundi Sefu. Sikuwa na haja ya kueleza. Mkasi alikuwa ameuviringisha kwenye kitambaa, kauweka juu ya kabati, hajakatia kitu. "Nilijua ataudai," akasema.

Nuru bado aiona, mara moja moja. Asema imefifia, kama taa ya nyumba ya jirani. Akiiona asimama, aishika nguzo, asubiri ipite. Kisha asema, "Kidonge hicho," na mimi nasema, "Msalimie."

Jumatano, 23 Julai

Jana baada ya alasiri nilisikia sauti nikadhani ni mvua. Ilikuwa cherehani. Kaitoa kanga mwenyewe, kaikunja, kaiweka juu ya kiti. Alifanya kazi kidogo, akapumzika, akafanya tena.

Kwenye meza vipande vitatu vyeupe vimekuwa vingine. Mkasi upo. Sikuuliza. Nilipita na ufagio, nikatazama kwa jicho la pembeni.

Kakata mikono.

Sasa ni asubuhi. Chai iko tayari, kidonge kiko kwenye kisahani. Baba Zuhura kakaa kitini, kafumba macho, kanipa mkono wake bila kuombwa. Una joto. Sindano ya saa yakaribia juu.

Asalaam aleikum, moyo wa mume wangu. Waamkaje? Mimi mzima. Nijibu basi, usikawie.