Alama Tisini za Msimamizi

Mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Mimi mzima, goti tu ndilo linanigombeza. Kinachonikosesha raha ni wewe.

Ulikuja kwenye kile kiwanda cha kufua nguo kupima wasimamizi. Ukakaa ofisini, ukagawa karatasi, ukaenda zako. Shangazi yako amesimamia mashine ya pasi miaka kumi na minane bila mtu kuungua, nawe ukamwangusha kwa kuwa hajui kuandika. Yule bwana mdomo mrefu ukampa tisini, akakalia nafasi yake.

Wiki jana shuka lilinasa kwenye mashine. Shangazi yako akapiga kelele, "Zima kwanza!"

Bwana Tisini akamjibu, "Mama, wewe si msimamizi tena. Vuta tu, binti, kazi isilale."

Binti wa jirani akavuta. Mkono wake wa kulia umeungua mpaka kiwiko.

Nakupenda mpaka natamani kukuchapa. Rudi uwapime upya, na safari hii usimame penye mashine.

Na mwandiko huu usiucheke. Anayeniandikia ni binti yule yule wa siku zote, ila sasa anatumia mkono wa kushoto.

Bibi yako, nakungoja mlangoni na fimbo.