Upande wa Pili wa Kofia

Jumanne, 4 Machi

Maktaba inapeleka picha zake mtandaoni. Miaka mingi nimezipekua – vipande vya magazeti ya zamani, vimepangwa kwa mada: Madaraja, Milango, Ngazi. Mji wetu sijauona humo hata mara moja. Leo nimefungua jalada la Kofia, kupoteza muda tu. Tangazo la kofia za kiume. Nikaligeuza.

Stesheni yetu! Saa yake, paa lake la mabati, na nyuma yake kilima chenye nyumba zetu, kabla hawajatuhamisha. Nikaomba kiti.

Jumatano, 5 Machi

Fundi wa skana, binti mcheshi, kauliza ni kofia gani hiyo imemtia babu wazimu. Nikamwonyesha nyuma. Akaisogeza kwenye taa. Kisha akaeleza: hupigwa picha upande wenye muhuri wa maktaba tu, huo mwingine ni makombo ya mkasi. Lakini atamwomba mkuu wake.

Alhamisi, 6 Machi

Mkuu amekubali – pande zote mbili! Nimempigia dada. Siku hizi haoni, kwa hiyo akaniamuru nimtajie kila kitu, nisirukeruke kama kawaida yangu.

“Kibanda cha fundi viatu, mkono wa kushoto?”

Kipo.

“Basi sikuota,” akasema. Akalia. Nami pia.

Ijumaa, 7 Machi

Tumekwama. Kompyuta inadai jina la mahali, na inapokea yale tu yaliyomo kwenye orodha yake. Letu halimo. Limo lile tulilobandikwa na waliotufukuza. Bila jina, picha haipandi.

Nikampigia dada.

“Ukiliandika hilo, mdogo wangu, mimi na wewe basi.”

Nikamwambia nakala ya karatasi nitapewa mimi, hilo si tatizo. Lakini wajukuu wetu, waliotapakaa kote huko, wataitafutaje? Wao wanalijua jina hilohilo tu. Letu hatukuwafundisha – lilituuma mno kulitamka.

Naandika haya mezani kwa fundi. Simu iko wazi kando ya mkono wangu. Dada hajakata, wala hasemi. Wengine wote wameshafunga mashine zao. Fundi ameinama, anauliza taratibu, “Niandike jina hilo, babu?”

Dada kamsikia. Nasikia anavuta pumzi.